Mtoto Mchovu Si Mtoto Mvivu

Katika shule zetu za msingi neno "mvivu" hutamkwa upesi mno. Mtoto akiachwa nyuma katika mchakamchaka, akilaza kichwa juu ya dawati kabla ya mapumziko, au akiomba kuketi wenzake wakiwa wamesimama, hukumu hutolewa kabla ya uchunguzi. Twapenda kuwaasa walimu wanafunzi wasiingie kazini na desturi hiyo.

Upo ugonjwa uitwao uchovu sugu, nao huwapata watu wazima na watoto. Uchovu wake hauondoki kwa usingizi. Viungo huuma, fikra huwa nzito, na hata kusimama au kutembea mwendo mfupi huweza kumshinda mgonjwa. Dalili yake kuu ni kuzidiwa baada ya jitihada ndogo, na aghalabu kuzidiwa huko huja baada ya saa nyingi, hata siku ya pili. Kwa hiyo mtoto aliyecheza vizuri Jumatatu huenda asiweze kuinuka kitandani Jumatano. Mwalimu aliyemwona Jumatatu husema kwamba anajisingizia.

Hakuna kipimo cha maabara kinachouthibitisha ugonjwa huu. Ndiyo maana wagonjwa wengi hawakusadikiwa. Mwaka 1955 wafanyakazi zaidi ya 200 wa hospitali ya Royal Free, London, waliugua maradhi ambayo huhesabiwa katika jamii hiyo. Mwaka 1970 madaktari wawili waliosoma kumbukumbu zao waliandika kwamba ulikuwa msukosuko wa nafsi tu. Ilipofika mwaka 2015, Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitamka kwamba uchovu sugu ni ugonjwa halisi na mzito wa mwili.

Nasi tunao mfano wetu wa miguu iliyoshindwa. Mwaka 1985, wilayani Tarime, watu walipatwa ghafla na ugumu wa kutembea. Uchunguzi ulionyesha kuwa ni konzo, maradhi yatokanayo na kula mihogo michungu isiyoondolewa sumu vya kutosha. Hayo ni maradhi mengine kabisa, lakini fundisho ni lile lile: miguu ilishindwa kabla sababu haijajulikana.

Mwalimu basi afanye nini? Kwanza, aandike. Katika daftari atie siku, kazi aliyofanya mtoto, na hali yake siku mbili zilizofuata. Pili, awaite wazazi, awashauri wampeleke mtoto zahanati, kwa maana malaria, kichocho na upungufu wa damu pia huchosha, navyo vina dawa. Kuupa ugonjwa jina ni kazi ya mganga; kutoa habari sahihi ni kazi yetu. Tatu, apange somo upya: mtoto aketi karibu na mlango, asichote maji wala kukimbia, apumzike kabla hajaishiwa nguvu, anakili machache ubaoni, na ajibu maswali kwa mdomo.

Wako wasemao kwamba akilazimishwa kidogo kidogo atazoea. Mwaka 2021 miongozo ya tiba ya Uingereza iliagiza wagonjwa wa uchovu sugu wasipewe ratiba ya mazoezi ya kuongezwa kwa kipimo kilichopangwa. Ikiwa waganga wameonywa hivyo, kiboko cha mwalimu kitatibu nini?

Wengine watauliza: je, akiwa mdanganyifu? Tupime hasara zote mbili. Tukimsadiki mdanganyifu, tutapoteza vipindi vichache, na daftari letu litamfichua. Tukimwadhibu mgonjwa, tutamwongezea maradhi, naye atajifunza kuficha maumivu yake mpaka aiache shule. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hatuna budi kumsadiki mtoto kwanza, tukiendelea kutafuta sababu.