Baiskeli na Sahani ya Chakula

Katika nchi za Uingereza na Marekani wako waendesha baiskeli wanaofunga safari za masafa marefu kwa nia ya kuwazindua wenzao juu ya mzio mkali wa chakula. Njia mojawapo mashuhuri kwa safari za hisani ni ile itokayo Land's End, kusini-magharibi ya Uingereza, hadi John o'Groats, kaskazini ya Skotlandi, mwendo wa kilomita 1,400 hivi.

Pengine msomaji atauliza: baiskeli na chakula vina uhusiano gani? Uhusiano upo. Mpanda baiskeli wa masafa hula mara nyingi njiani, tena chakula cha watu asiowajua. Mwenye mzio hana budi kuuliza kila anaposimama. Zaidi ya hayo, wako watu ambao ngano au kamba haviwadhuru wakiwa wametulia, lakini wakila kisha wakautumikisha mwili, hupatwa na shambulio. Kwa hiyo safari hizo zinatufunza kwamba mwenye mzio si mnyonge, na kwamba usalama wake umo pia mikononi mwa mpishi na muuzaji.

Mzio mkali si kudeka wala si uchawi. Ni kinga ya mwili kukidhania chakula kuwa ni adui. Ngozi huwasha na kuvimba, koo hubana, presha ya damu huporomoka. Mtu aweza kufa kwa muda mfupi. Mwaka 2016 binti wa Kiingereza wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki baada ya kula mkate wenye ufuta ambao haukutajwa kwenye karatasi yake. Sindano mbili za adrenalini hazikumwokoa. Tangu Oktoba 2021, sheria ya huko inalazimisha chakula kinachofungwa papo hapo dukani kiandikwe vyote vilivyomo.

Visiwani kwetu njugu, ufuta, kamba na pweza ni vyakula vya kawaida, na ukarimu wetu ni kumshurutisha mgeni aonje. Ukarimu ni sifa njema, lakini anayesema kwamba kitu fulani kinamdhuru asilazimishwe, na mpishi amweleze kwa ukweli alichotia chunguni. Walimu nao wawatambue watoto wenye mzio.

Kwa viongozi wa afya tunasema hivi. Adrenalini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ndiyo dawa ya kwanza ya shambulio hili. Huchomwa pajani bila kuchelewa, kisha mgonjwa akapelekwa hospitali. Mgonjwa wa Tumbatu au Kojani hawezi kungoja mashua ivuke ndipo apate sindano. Kila kituo cha afya, hata cha kisiwa kidogo, kiwe nayo wakati wote, na awepo mhudumu anayejua kuitumia.

Waendesha baiskeli hao wametoa jasho ili watu wajue. Sisi hatutakiwi kwenda kilomita 1,400. Tunatakiwa kuuliza, kujibu kwa ukweli, na kuiweka dawa mahali pake. Hayo hayana udhuru.