Harusi Kubwa ya Ngazija: Mzigo wa Taifa au Nguzo Yake?

Muungano wa Komoro ni nchi ya visiwa vitatu, Ngazija, Nzwani na Mwali, vilivyo kati ya pwani ya Msumbiji na Madagaska. Eneo lake lote ni kilomita za mraba 1,862, na sensa ya mwaka 2017 ilihesabu watu 758,316. Kisiwa cha nne, Maore au Mayotte, kimebaki mikononi mwa Ufaransa. Wakomoro ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na lugha yao ni ndugu wa Kiswahili. Nje ya visiwa hivyo nchi hii husikika zaidi kwa mapinduzi na boti zinazozama. Ndani yake, hasa Ngazija, mjadala usiokwisha ni wa anda, yaani harusi kubwa: je, desturi hii inaifukarisha nchi au ndiyo inayoishikilia?

Anda si sherehe ya kuoana tu. Mara nyingi wenyewe wameshafunga ndoa ndogo ya dini miaka mingi nyuma, na wana watoto. Harusi kubwa ndiyo inayompa mwanamume hadhi katika mji wake. Asiyeifanya, hata akiwa waziri au daktari mwenye mvi, huhesabiwa bado mtoto wa mji. Kwenye bangwe, ule uwanja wenye mabaraza ya mawe ambako mambo ya mji huamuliwa, neno lake halina uzito. Akishaifanya huwa mtu mzima kamili: huvaa joho na bushuti, huketi safu za mbele msikitini, na husikilizwa panapotokea ugomvi wa mipaka au wa mirathi. Nzwani na Mwali nako kuna harusi za fahari, lakini hazina uzito huo katika kugawa madaraka ya mji.

Gharama yake ni kubwa. Bwana harusi hupeleka dhahabu kwa bibi harusi, hutoa fedha kwa mji, na hugawa mchele na ng'ombe kwa kila rika kwa zamu iliyowekwa. Sherehe huchukua siku nyingi, kuanzia majlisi ya dini hadi twarabu na zifafa, maandamano ya kumpeleka bwana harusi nyumbani kwa mkewe. Nyingi hufanyika Julai na Agosti, Wakomoro wa Ufaransa, hasa wa Marseille, wanaporudi likizo. Wapo wanaoweka akiba miaka 20 kwa ajili ya wiki hizo chache, na wengine hurudi kazini na madeni. Wakosoaji huuliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini nchi maskini iteketeze akiba yake kwa dhahabu na karamu, tena wakati sehemu kubwa ya mchele huo huagizwa kutoka nje.

Aliyejaribu kulijibu swali hilo kwa nguvu ni Ali Soilih, aliyetwaa madaraka Agosti 1975, chini ya mwezi mmoja baada ya uhuru. Alipiga vita harusi kubwa, akawavunjia wazee heshima yao, akawakabidhi vijana mamlaka ya vijijini, na mwaka 1977 akawafukuza watumishi wa serikali na kuchoma nyaraka zao. Mei 1978 mamluki wakiongozwa na Mfaransa Bob Denard walimpindua, na kabla mwezi haujaisha aliuawa. Anda ilirudi na nguvu zake zote. Vijana waliopewa bunduki hawakuwa na kitu cha kuweka mahali pa ule mpangilio wa rika, ukoo na mji ambao kila Mngazija alijua nafasi yake ndani yake.

Uimara wa mpangilio huo unaeleweka zaidi ukiwekwa kando ya udhaifu wa dola. Katika kura ya Desemba 1974 visiwa kwa jumla vilichagua uhuru kwa zaidi ya asilimia 90, lakini wengi wa wapiga kura wa Maore waliukataa, na Ufaransa ikakishika kisiwa hicho. Rais Ahmed Abdallah, aliyepinduliwa na Soilih na kurudishwa madarakani na mamluki mwaka 1978, aliuawa Novemba 1989. Mwaka 1997 Nzwani ilijitangaza kujitenga. Makubaliano ya Fomboni ya 2001 yakaleta urais wa kupokezana kati ya visiwa, na bado mwaka 2008 majeshi ya Umoja wa Afrika, yakiwemo ya Tanzania, yalilazimika kuingia Nzwani kumwondoa Kanali Mohamed Bacar. Kura ya maoni ya 2018 ilibadili tena kanuni, ikamruhusu rais kukaa vipindi viwili mfululizo kabla ya zamu kuhamia kisiwa kingine. Katika misukosuko yote hiyo mji uliendelea kusuluhisha magomvi, kuzika wafu na kutoza michango.

Michango hiyo ndiyo hoja nzito ya watetezi. Fedha za anda zinazoingia mfuko wa mji hazipotei zote katika karamu. Kwa fedha hizo na za vyama vya wanamji walioko Ufaransa, vijiji vingi vimejenga misikiti, madarasa, barabara na njia za umeme. Fedha zinazotumwa na Wakomoro wa nje hufikia takriban moja ya tano ya pato la taifa, na bila heshima inayowangoja kwao, wengi wangekuwa na sababu chache za kutuma.

Hoja ya pili ni ya wanawake. Ngazija ina manyahuli, ardhi inayorithiwa kwa upande wa mama. Familia humjengea binti nyumba, na mume ndiye anayehamia kwa mke. Wakiachana, anayefunga mizigo ni mwanamume. Ndiyo maana nyumba nyingi za Ngazija hukaa miaka mingi zikiwa na nondo zilizochomoza juu ya paa, zikingoja fedha za kumalizia ghorofa ya binti. Dhahabu ya harusi ni mali ya mke, na ni akiba anayoweza kuiuza siku ya shida.

Lakini utetezi huu una mipaka. Anda haitengenezi ajira. Nchi bado inategemea vanila, karafuu na mafuta ya mlangilangi, mazao ambayo bei zake huamuliwa mbali. Tangu Ufaransa iweke viza mwaka 1995, vijana huvuka kutoka Nzwani kwenda Maore, safari ya kilomita 70 hivi, kwa boti ndogo za kwasakwasa, na wengi wamekufa maji. Pia hadhi inayonunuliwa humnyamazisha mwalimu mwenye maarifa asiye na fedha, na kumpa sauti mwenye fedha asiye na maarifa.

Kwa hiyo kuifuta anda ni kosa lililokwisha kujaribiwa, na kuiacha kama ilivyo ni kuwaonea wasio nacho. Linalowezekana ni kubadilisha uwiano: dhahabu ibaki ya mke, karamu zipunguzwe, na sehemu kubwa zaidi ya matumizi iingie mfuko wa mji, kwa hesabu zinazosomwa hadharani. Uamuzi huo si wa rais wala wa wafadhili. Ni wa wazee wanaoketi bangweni, kwa kuwa wao ndio walioilipa anda, na ndio pekee wanaoweza kuipunguza bila kuivunja.