Uwanja wa Kupanga

Wapo miongoni mwa wasomaji wetu wenye vijana wanaosoma Marekani, na kila ifikapo Septemba huletewa picha za umati uliovaa rangi moja, tarumbeta na ngoma, na vibanio vya nyama vikifuka moshi nyuma ya magari. Ni msimu wa kandanda ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, unaobebwa mikononi zaidi ya kupigwa teke. Jumamosi ni siku ya vyuo, Jumapili ni ya timu za kulipwa. Katika miji midogo timu ya chuo haina mshindani, na mji mzima huhamia uwanjani. Lakini mzazi ambaye mwanawe yuko Pittsburgh, Miami au Philadelphia huenda akaletewa picha nyingine: uwanja mkubwa mno, na viti vitupu safu kwa safu.

Husemwa kwamba mji wenye timu ya kulipwa hauna nafasi moyoni kwa timu ya wanafunzi. Sisi hatukubaliani na kauli hiyo. Seattle ina Seahawks, tena wenye mashabiki wa kelele kupindukia. Hata hivyo Chuo Kikuu cha Washington kinacheza katika uwanja wake uliosimama ukingoni mwa ziwa tangu 1920, ambako baadhi ya mashabiki hufika kwa mashua na kutia nanga hapo hapo. Tangu 2016 treni ya mjini nayo inasimama mlangoni. Tofauti, kwa maoni yetu, ni kati ya mwenye nyumba na mpangaji.

Tutazame Pittsburgh. Chuo kilikuwa na uwanja wake kilimani, hatua chache kutoka madarasani, uliofunguliwa 1925. Mchezo wa mwisho ulichezwa hapo 1999, kisha ukabomolewa. Tangu 2001 vijana wanacheza katika uwanja wa Steelers, ng'ambo ya mto Allegheny, wenye viti zaidi ya 68,000. Viti hivyo ni vya manjano, na kila kisichokaliwa humulika kwenye televisheni mithili ya taa. Wakija watu 40,000, umati ambao ungeutikisa uwanja mdogo, mtazamaji huona upungufu tu.

Miami nayo iliwahi kushinda mechi 58 mfululizo nyumbani, kati ya 1985 na 1994, katika uwanja wa Orange Bowl. Uwanja ule haukuwa chuoni, lakini timu ya kulipwa ilipouhama baada ya msimu wa 1986, wanafunzi waliufanya wao. Chuo nacho kiliondoka baada ya 2007, na leo mwanafunzi husafiri zaidi ya kilomita 30 kwenda kushangilia katika nyumba ya Dolphins.

Minneapolis ndiyo inayotufundisha zaidi. Kuanzia 1982 Chuo Kikuu cha Minnesota kilipanga katika ukumbi wa Metrodome katikati ya jiji, chini ya paa la kitambaa, pamoja na Vikings. Anga ya vuli, ambayo ni nusu ya raha ya mchezo huu, ilifichwa. Mwaka 2009 chuo kilirudi nyumbani, katika uwanja wa wazi wenye viti takriban 50,000, uliogharimu karibu dola milioni 288. Na dunia ni duara: paa la Metrodome liliporomoka kwa theluji Desemba 2010, Vikings wakaja kubisha hodi kwa wanafunzi. Walirudi tena kuwa wapangaji kwa misimu miwili, 2014 na 2015, wakisubiri uwanja wao mpya.

Jambo moja la uwanja huo linaigusa meza yetu. Bunge la jimbo lilitaka kwamba pombe ikiuzwa kwa matajiri kwenye vyumba vyao vya fahari, iuzwe pia kwa wa viti vya kawaida. Chuo kikaamua isiuzwe kwa yeyote. Sheria ilipobadilishwa, mauzo yalianza 2012, na baada ya msimu wa kwanza chuo kiliripoti hasara ya takriban dola 16,000, gharama zikiwa zimeyapita mapato. Wanaodai kwamba shangwe haiwezekani bila chupa na waisome hesabu hiyo. Baba aliyeongozana na watoto wake akimwagiwa bia mara moja, harudi.

Lakini si kila chuo kijenge. Temple, cha Philadelphia, kinachopanga kwa Eagles, kilipanga kujenga uwanja wa watu 35,000 katikati ya makazi ya watu wa kaskazini mwa jiji. Wakazi walipinga: maegesho, takataka, kelele, na hofu ya kusukumwa nje ya mitaa yao. Uwanja haukujengwa. Sisi tuko upande wa wakazi. Jirani ana haki kabla ya tarumbeta.

Mpangaji basi afanye nini? Aanzie chuoni, si uwanjani. Bendi ipige asubuhi mbele ya maktaba, wanafunzi wakusanyike hapo, wapande mabasi ya bure kwa pamoja na kurejeshwa salama. Jukwaa la juu lifungwe, watu washushwe chini wakaribiane. Watu 30,000 waliobanana hupiga kelele kuliko 40,000 waliotawanyika. Wanafunzi wapewe viti vya kando ya uwanja, hata kama tajiri atanuna. Liwepo eneo la familia lisilo na pombe, na tiketi ya mtoto iwe rahisi kuliko soda anayouziwa ndani. Rangi za mwenye nyumba zifunikwe siku hiyo. Tena vile vipaza sauti vinavyorusha muziki wa Jumapili vizimwe: bendi ya chuo ina vijana waliofanya mazoezi wiki nzima, na hawasikiki.