Mbunge aliyekataa kuapa

Na Mwanaidi Kombo

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza husimuliwa kwa majina mawili: Mfalme Charles wa Kwanza na Oliver Cromwell. Mimi namfikiria zaidi Ralph Verney, mbunge wa Aylesbury, ambaye hakuongoza jeshi wala hakushika wadhifa mkubwa. Katika Bunge Refu, lililoanza Novemba 1640, alikaa akinukuu kwa penseli yaliyosemwa ukumbini, na karatasi zake ni hazina ya wanahistoria hadi leo.

Vita vilipozuka 1642 viliigawa familia yake. Ralph alibaki na Bunge. Baba yake, Sir Edmund, hakukubaliana na mambo mengi ya mfalme, lakini alikuwa amekula mkate wake kwa karibu miaka 30, akaona aibu kumtupa. Alibeba bendera ya mfalme katika mapigano ya Edgehill, tarehe 23 Oktoba, akauawa. Maiti yake haikupatikana.

Mtu aliyepoteza baba namna hiyo, na bado asiliache Bunge, alistahili kuaminiwa. Haikuwa hivyo. Mwaka 1643 Bunge lilihitaji jeshi la Waskoti, na sharti likawa kiapo cha kulibadili Kanisa la Uingereza. Dhamiri ya Ralph ilikataa. Hakukimbilia kwa mfalme, hakufanya fitina. Alichukua familia yake akaenda Ufaransa. Mwaka 1645 alivuliwa ubunge, na mashamba yake yakazuiliwa. Bunge lililodai kutetea haki za raia lilimhesabu kuwa adui kwa kukataa tu kuapa asichokiamini. Huo ulikuwa udhalimu, na vita haviufuti.

Aliyeubeba zaidi ni mkewe, Mary. Ralph akithubutu kurudi angekamatwa, hivyo 1646 Mary alikwenda London bila mumewe, akiwa mjamzito, kubembeleza wakubwa. Alijifungua huko mtoto wa kiume, ambaye hakuishi. Ufaransa nako binti yao akafariki. Mary hakukata tamaa, na mwanzoni mwa 1648 mashamba yakaachiliwa. Alifia ugenini, Blois, Ufaransa, mwaka 1650.

Ralph alirejea nyumbani 1653. Cromwell alimweka kizuizini 1655, kisha katika miaka ya 1680, akiwa mzee, wapiga kura wa Buckingham wakamrudisha bungeni. Anayemsifu kwa msimamo wake amtaje na Mary, kwa kuwa bila yeye mashamba yale yasingerudi.