Kiboko akiisha, samaki naye hupungua

Alimbongo, kwenye milima ya baridi ya Lubero, hakuna kiboko. Mkulima wa viazi huko anaweza kusema habari za wanyama wa Virunga hazimhusu. Zinamhusu, hasa siku anapotaka kununua samaki wa Ziwa Edward.

Nguvu iliyomo katika chakula huanzia kwenye jua. Majani huinasa, mnyama huyala majani, mwingine humla mnyama. Kila hatua nguvu nyingi hupotea. Kwa makadirio, sehemu moja tu kati ya kumi humfikia anayefuata. Kiboko hula majani nchi kavu usiku, mchana hurudi majini na kuacha humo mavi yake. Mavi hayo hurutubisha mwani na vijidudu, tilapia hula hivyo, naye mtu hula tilapia.

Miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na viboko zaidi ya 20,000. Mwaka 2005 hawakufika hata 1,000, wengi wakiwa wameuawa na watu wenye silaha kwa ajili ya nyama na meno. Ni kweli, uvuvi haramu nao umeliumiza ziwa. Lakini nyavu zikidhibitiwa na kiboko akaachwa afe, kazi itakuwa nusu.

Walinzi wa ICCN hawawezi peke yao. Viongozi wa Lubero na Beni waanzie sokoni: nyama ya kiboko isiuzwe popote. Anayeinunua leo anamnyang'anya mtoto wake samaki wa kesho.