Viti vilipunguzwa kwa amri, hesabu ya tajiri ikabaki palepale

Covid-19 ikitajwa, hushukuriwa madaktari na wauguzi, na wanastahili. Sisi wa matatu tuliowafikisha kazini hakuna aliyetuuliza tulitokaje. Nasema leo kwa sababu kilichotuvuruga akili wakati ule bado kipo.

Machi 2020 serikali iliamuru matatu ya watu 14 ibebe abiria 8. Kisha ikaja kafyu ya saa moja jioni, wakati watu wanamiminika kutoka feri hapa Likoni na sisi tunatarajia riziki. Machi 27, siku ya kwanza ya kafyu, polisi waliwapiga abiria kivukoni na kuwarushia vitoa machozi. Aprili 8 kaunti za Mombasa na Kwale zikafungwa, nasi tuliokuwa tukienda Ukunda tukabaki kuzunguka humu humu Likoni. Viti vilipungua, saa zikapungua, njia ikakatika. Hesabu ya tajiri wangu, fedha anazodai mwenye gari kila siku, haikupungua hata shilingi.

Aliyeumia zaidi ni makanga. Abiria anamtukana kwa sababu nauli imepanda, askari anamkamata akiona mtu wa tisa, tajiri naye anapiga simu kuuliza amefikisha ngapi. Makanga niliyefanya naye kazi alikuwa akitumbukiza sarafu kwenye ndoo ya maji ya sabuni, anazihesabu, anazirudisha majini, kisha anazihesabu upya. Kwao ni chumba kimoja na kuna mtoto mchanga, kwa hiyo akawa analala barazani asije akawaambukiza. Usingizi ukampaa, akawa mkali kwa kila mtu, mwishowe akaacha kuja stejini. Watu wakasema muguka umemharibu. Alikuwa mgonjwa, lakini hakuwa na mkataba wala likizo ya ugonjwa, na siku asiyopanda gari hapati chochote.

Sheria si haba. Kanuni za magari ya abiria za mwaka 2014 zilitaka dereva na makanga wawe na mkataba ulioandikwa na mshahara wa mwezi. Kamati ya kitaifa ya afya ya akili, chini ya Dkt Frank Njenga, ilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya taifa. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yakazikabidhi kaunti jukumu la kutoa huduma za afya ya akili. Lakini gari bado linatoka alfajiri na hesabu ile ile.

Washauri nasaha tunawahitaji, na kaunti iwaweke kwenye zahanati zilizo karibu na steji. Ila mshauri akiniambia nipumzike na tajiri anadai hesabu kamili, nitamtii nani? Dereva aliyekesha akiwaza deni ndiye anayeshika usukani asubuhi, na roho za watu ziko nyuma yake.

Basi wanaotoa leseni wadai kwanza kuona mikataba yetu, na sacco isiyo nayo inyimwe. Na janga jingine likija, serikali ikipunguza viti, amri iyo hiyo ipunguze na hesabu. Hasara ya janga igawanywe kati ya mwenye gari na anayeliendesha, isiangukie anayeliendesha peke yake.

Dereva wa matatu,
Likoni, Mombasa