Bastola ndogo za kuficha: Nani hupima uthabiti wake?

MAHAKAMA ya Juu ya Marekani ilipoamua Juni 2022 kwamba raia ana haki ya kubeba bunduki hadharani ili kujilinda, biashara ya bastola ndogo zinazofichwa kiunoni au mfukoni ilikuwa tayari imeshamiri. Kufikia 2024, majimbo 29 ya nchi hiyo yalikuwa yakimruhusu mtu mzima kubeba bastola iliyofichwa bila kuomba kibali. Suala ambalo halijapata ufumbuzi ni iwapo kuna anayehakikisha kwamba silaha hiyo itafyatuka siku itakapohitajika, na kwamba haitafyatuka siku isipohitajika.

Kwa upande wa serikali kuu, hakuna. Sheria ya 1972 iliyounda tume ya kusimamia usalama wa bidhaa nchini humo iliziacha bunduki nje ya mamlaka yake. Matokeo yake ni kioja: bastola ya plastiki ambayo mtoto huchezea iko chini ya tume hiyo, ilhali ile ya chuma iliyo mfukoni mwa babake haiko. Hitilafu ikigunduliwa, tume haina uwezo wa kumshurutisha mtengenezaji azirejeshe kiwandani. Huachiwa mwenyewe aamue, au asukumwe na kesi mahakamani.

Yako majimbo machache yaliyojaribu kuziba pengo hilo, na California ndiyo mfano unaotajwa sana. Kwa mujibu wa sheria yake iliyoanza kutumika 2001, bastola tatu za kila aina hupelekwa katika maabara iliyoidhinishwa. Kila moja hufyatua risasi 600. Ishirini za kwanza ni lazima zitoke bila hitilafu yoyote, na katika zote 600 hitilafu zisizidi sita. Kisha bastola hudondoshwa juu ya saruji kutoka kimo cha mita moja na sentimita moja, katika mikao sita tofauti, ikiwa na ganda lenye fataki lakini lisilo na baruti. Fataki ikilipuka, imefeli.

Ni mtihani wa maana, lakini una mipaka yake. Gharama hulipwa na mtengenezaji, bastola husafishwa katikati ya zoezi, na aliyeishika anajua anachokifanya. Bastola ya mfukoni huishi maisha mengine kabisa. Hukaa miezi katika vumbi na jasho, kisha siku moja hutolewa kwa mkono unaotetemeka.

Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu udogo wenyewe ni adui wa uthabiti. Katika bastola inayojipakia, nguvu ya mlipuko husukuma sehemu ya juu irudi nyuma, itupe ganda lililotumika, kisha springi huirejesha mbele ikibeba risasi mpya. Bastola ikifupishwa, safari hiyo hufupishwa pia. Springi sharti iwe kali zaidi, na risasi inayofuata hupata muda mfupi zaidi wa kupanda kutoka kwenye magazini. Mkono ukilegea kidogo, sehemu ya nguvu hupotea na ganda hukwama. Risasi zenye ncha iliyotobolewa, ambazo ndizo hupendelewa kwa kujilinda, hukwama kwa urahisi zaidi kuliko za mviringo zinazotumiwa kwa mazoezi. Kwa hivyo bastola inayosifiwa kwenye uwanja wa shabaha huenda haijajaribiwa hata kidogo kwa risasi itakayobebwa nayo.

Kisa cha Remington R51 kinafaa kukumbukwa hapa. Bastola hiyo nyembamba ya milimita tisa ilizinduliwa Januari 2014 na mojawapo ya kampuni kongwe zaidi za bunduki Marekani, na waandishi walioifyatua mapema waliisifu. Kisha ikafika madukani. Wanunuzi wakaanza kulalamikia risasi zinazokwama na vipuri visivyokaa sawasawa, na kufikia Julai mwaka huo kampuni ilikuwa ikiwaomba wazirejeshe. Maelezo yake ndiyo yenye funzo: bastola za mfano zilikuwa zimefanya kazi vizuri, lakini matatizo yalizuka uundaji ulipohamia kwenye viwango vya kiwandani. Yaani, zilizopimwa hazikuwa zile zilizouzwa. Toleo jipya lilirudi sokoni 2016, sifa ikiwa imekwisha kuharibika.

Upande wa pili wa uthabiti, ule wa kutofyatuka, ni mgumu zaidi kupima kwa vile ajali haitabiriki. Oktoba 2008, kampuni ya Ruger iliwarejesha kiwandani wateja wa LCP, bastola ya mfukoni yenye uzito wa takriban gramu 270, baada ya kubainika kwamba ingeweza kufyatuka ikianguka mahali pagumu. Mnamo 2017 zamu ilikuwa ya SIG Sauer P320, ambayo kwa kawaida ni kubwa kuliko hizo. Ilikuwa imepita vipimo vya kawaida vya kudondoshwa, hadi wajaribio wa nje ya kampuni walipoiangusha kwa pembe ambayo vipimo hivyo havikuwa nayo, nayo ikafyatuka. Kampuni ilitangaza marekebisho Agosti mwaka huo. Kesi nyingine kuhusu bastola hiyo zingali zinaendelea, na kampuni inashikilia kwamba haifyatuki bila kifyatulio kuvutwa.

Basi mzigo humwangukia mnunuzi. Ushauri unaorudiwa sana miongoni mwa wamiliki ni kwamba bastola ikimaliza risasi 200 bila kukwama, inaaminika. Hesabu haikubaliani nao. Risasi 200 bila hitilafu humruhusu mtu kudai, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba hitilafu hazizidi moja na nusu katika kila 100. Kwa bastola ya kiwango hicho cha juu kabisa, uwezekano wa kukwama angalau mara moja katika magazini ya risasi 10 ni kama asilimia 14. Anayetaka uhakika kama huo kwamba hitilafu haizidi moja katika 1,000 atahitaji kufyatua 3,000 bila kukwama. Risasi za kujilinda huuzwa karibu dola moja kila moja, kiasi ambacho kinapita mbali bei ya bastola nyingi za aina hii. Isitoshe, springi ya bastola ndogo hushauriwa ibadilishwe baada ya risasi elfu chache, hivyo anayemaliza kipimo huwa amekwisha kukichakaza alichokuwa akikipima.

Humu nchini, bastola za raia huagizwa kutoka nje, hivyo kasoro za viwanda hivyo husafiri nazo. Serikali ilipoagiza mwishoni mwa 2018 kwamba raia wote wenye bunduki wapigwe msasa upya, aliyewekwa kwenye mizani alikuwa mmiliki na cheti chake. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, inataka idadi ya risasi ambazo mtu anaweza kununua na kuwa nazo kwa wakati mmoja iandikwe katika cheti hicho, na anayetaka kufyatua 3,000 kuipima bastola yake sharti aanze na karatasi hiyo.